Lahaja si "Uhuru wa Mshairi": Jinsi Uamuzi wa 1928 Ulivyoingia katika Darasa la Ushairi

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya tatu, naomba tuanze na daftari la mwanafunzi. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika shule moja ya upili huko pwani, nilisahihisha insha ya binti wa Kidato cha Tatu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Alikuwa ameandika "ndia" mahali pa "njia" mara tatu, na "mtele" mahali pa "mchele" mara moja. Niliyazungushia maneno hayo kalamu nyekundu na kuandika pembeni: tahajia. Wiki iliyofuata tukawa na kipindi cha ushairi. Shairi lenyewe lilikuwa la malenga wa Mombasa, na ndani yake mlikuwa na neno lile lile, "ndia". Nikawaambia wanafunzi, kama nilivyoambiwa mimi nilipokuwa mwanafunzi, kwamba hapo mshairi ametumia uhuru wake. Binti akainua mkono. "Mwalimu, mbona yeye ni uhuru na mimi ni kosa?"

Darasa likaangua kicheko. Nilimjibu mambo fulani kuhusu mizani na vina, kengele ikalia, nikaokoka. Lakini jibu langu halikuwa sahihi, na kwa muda mrefu sikujua ni kwa nini. Makala haya ni jaribio la kumjibu upya. Ili kufanya hivyo, hatuna budi kurudi nyuma hadi enzi za wamisionari, kwa sababu swali la binti yule halikuanzia darasani mwangu.

Kwanza tukumbushane tunachofundisha. Vitabu vingi vya kiada na vya marudio vinaeleza kuwa uhuru wa mshairi, au idhini ya kishairi, ni ruhusa aliyo nayo mtunzi ya kukiuka kanuni za lugha ili atosheleze arudhi. Chini ya kichwa hicho huorodheshwa inkisari, yaani kufupisha neno, mazida, yaani kulirefusha, tabdila, yaani kubadilisha silabi bila kuathiri idadi ya mizani, kufinyanga sarufi, utohozi, kikale, na, aghalabu mwishoni, lahaja. Mtahiniwa huikariri orodha hiyo, huingia mtihanini, hukutana na neno asilolifahamu katika shairi, naye huandika: "Mshairi ametumia lahaja, kwa mfano mato badala ya macho." Hupata alama yake na kusonga mbele.

Tazama maneno "badala ya". Yanadai kwamba mshairi alikuwa na "macho" mkononi, akayaweka kando, akachukua "mato" kwa sababu maalumu. Je, ndivyo ilivyokuwa? Muyaka bin Haji wa Mombasa aliaga dunia karibu mwaka 1840. Kiswahili sanifu tunachompimia hakikuwako katika uhai wake, wala hakikuwako kwa takriban miaka tisini baada ya kifo chake. Hakuna kanuni aliyoikiuka. Alisema "mato" kwa kuwa mama yake, jirani zake na wachuuzi wa sokoni walisema "mato".

Hebu sasa tutazame jinsi kipimo hicho kilivyopatikana.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Kiswahili alichojifunza na kukiandika hasa kilikuwa cha hapo. Kamusi yake kubwa ilichapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kwa upande mwingine, Edward Steere wa misheni ya UMCA alifanya kazi Unguja, akachapisha mwongozo wake wa Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Tangu hapo wamisionari wakawa na kambi mbili. Wale wa CMS waliokuwa Mombasa walikiandika Kimvita, nao wa UMCA wakakiandika Kiunguja. Ushindani huu haukuwa wa maneno matupu. Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka 1891, nayo ya Kimvita ikatoka 1914. Mwanafunzi anayedhani Kimvita ni mkusanyiko wa maneno machache ya kupambia mashairi anapaswa kuambiwa kwamba lahaja hiyo iliwahi kubeba Biblia yote, tangu Mwanzo hadi Ufunuo, katika maandishi ya chapa.

Katika kambi ya Mombasa alikuwamo William Ernest Taylor, mmisionari aliyevutiwa mno na ushairi wa wenyeji. Taylor hufahamika kwa mkusanyiko wake wa methali wa mwaka 1891. Anayetajwa kwa nadra, nami nadhani ndiye anayestahili kutajwa kwanza, ni mwalimu wake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Huyu alikuwa mwanachuoni na mshairi wa Mombasa aliyezikusanya tungo za Muyaka zilizokuwa zimebaki vichwani mwa wazee na kumfasiria Taylor maana yake. Sikujua alifariki mwaka 1890. Bila yeye, sehemu kubwa ya Muyaka tunayemsoma leo ingekwisha zikwa na wale wazee.

Tungo hizo zilisafiri safari ndefu ya ajabu. Zilitoka Mombasa zikiwa katika hati za Taylor, ambazo hatimaye zilihifadhiwa London. William Hichens akazihariri, na diwani ikachapishwa Johannesburg mwaka 1940. Ilibidi kungojea hadi 1979 ndipo Mohamed Abdulaziz alipochapisha utafiti wake juu ya Muyaka huko Nairobi. Kwa hiyo, mshairi aliyeimbwa na kunukuliwa mitaani Mombasa alitia mguu darasani nchini mwake baada ya kupitia Uingereza na Afrika Kusini. Na alipofika darasani, alikuta kanuni mpya za lugha zikimsubiri mlangoni.

Kanuni hizo zilianza kupangwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza walipokuwa wanatawala Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja. Serikali ilitaka vitabu vya shule, na gharama ya kuchapisha vitabu kwa lahaja mbili au tatu haikuwa ndogo. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 ulilianzisha suala la lugha moja sanifu. Mwaka 1928 ukafanyika mkutano mwingine Mombasa, ambao mtaalamu wa lugha za Kibantu kutoka Ujerumani, Carl Meinhof, alihudhuria. Ukaamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi. Ninyi watahiniwa mnazijua sababu, maana huulizwa katika isimujamii: Kiunguja kilikuwa kimeenea bara kwa njia ya misafara ya biashara hadi Kongo, kilikuwa kimetumiwa katika utawala wa Tanganyika tangu enzi za Wajerumani, na kilikuwa na vitabu vingi tayari. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Kitabu cha shule kilipaswa kupata idhini ya Kamati. Mwaka 1939 zikatoka kamusi sanifu chini ya jina la Johnson.

Ikumbukwe kwamba Kamati ilipoundwa haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Walikuwamo maofisa wa elimu, wamisionari na Wazungu wengine wasiokuwa wa serikali. Uamuzi ulipitishwa Mombasa, katika mji wa Muyaka na wa Sikujua, na wenye lugha hawakuwa na kura. Sisemi kwamba wangekuwapo wangekataa. Pengine wangekubali, kwa kuwa wafanyabiashara wa Mombasa walijua vyema Kiunguja kimefika wapi. Ninachosema ni kwamba hawakuulizwa. Wala tusidhani kuwa watu wa Unguja wote walishinda siku hiyo. Kilichochukuliwa ni Kiunguja cha mjini. Msemaji wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa hicho hicho, alijikuta nje ya sanifu sawasawa na ndugu yake wa Lamu.

Zipime sababu zile za 1928 mara ya pili, safari hii kwa jicho la mwalimu wa fasihi. Zote zinahusu uenezi: biashara, utawala, uchapishaji. Hakuna hata moja inayohusu ushairi. Kama wajumbe wangeulizwa ni lahaja ipi iliyokuwa na hazina kongwe na kubwa zaidi ya tungo zilizoandikwa, jibu lingewapeleka kaskazini: Lamu, Pate, Siyu na Mombasa. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir ni ya huko. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama wa Pate kwa ajili ya binti yake, ni wa huko. Tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ni za huko. Sarufi ya shule ikatolewa kusini, na ushairi wa kale ukabaki kaskazini. Shule ilipoviweka viwili hivi katika silabasi moja, palitokea ufa kati yake, na tukauita ufa huo "uhuru wa mshairi".

Kufikia uhuru wa nchi, mambo mengi ya elimu ya fasihi yalianza kuhojiwa. Tarehe 24 Oktoba 1968, Henry Owuor-Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o waliandika waraka wao mashuhuri katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, na Afrika iwe kitovu cha masomo ya fasihi. Miaka michache baadaye, katika mkutano wa walimu wa 1974 uliofanyika katika Shule ya Nairobi, suala hilo liliteremka hadi shule za upili, na fasihi simulizi ikapiganiwa nafasi. Swali lililoulizwa lilikuwa zito: nani yuko katikati, na nani amesukumwa pembeni? Nasikitika kwamba sisi wa Kiswahili hatukuligeuza swali hilo lituelekee wenyewe kwa uzito ule ule. Tulijihesabu kuwa miongoni mwa waliosukumwa pembeni na Kiingereza, jambo ambalo ni kweli, tukasahau kutazama ni nani tuliyemsukuma sisi.

Hata hivyo, walikuwapo waliotazama. Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1976 akiwa bado kijana wa umri wa miaka arubaini na ushei, alifanya kazi ambayo naamini hatujailipa. Alihariri Malenga wa Mvita, diwani ya Ustadh Bhalo, yaani Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka 1971. Baada ya kifo chake kikatoka Historia ya Kiswahili, mwaka 1977, kitabu alichokiandika pamoja na Mathias Mnyampala wa Tanzania. Tazama tu jina la diwani ile. Halisemi "malenga wa Kiswahili" kwa jumla. Linataja mji, na linautaja kwa jina lake la kale, Mvita. Anayelisoma jina hilo ameshaambiwa, kabla ya kufunua ukurasa wa kwanza, mashairi haya ni ya lugha ya wapi.

Ndugu yake Ustadh Bhalo, Abdilatif Abdalla, anatupa ushahidi ulio wazi kupita wote. Mwaka 1968 aliandika karatasi ya kisiasa iliyoitwa Kenya: Twendapi? Kwa ajili hiyo alifungwa, na akakaa gerezani kuanzia 1969 hadi 1972. Humo gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Naam, tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga.

Mashairi hayo yamejaa Kimvita. Sasa niambie, mwalimu mwenzangu: mtu aliye peke yake kifungoni, asiye na karatasi halali wala uhakika kwamba maandishi yake yataonwa na jicho lolote, anakwenda kutafuta lahaja ili imsaidie kutosheleza vina? Abdilatif alikuwa hodari wa Kiswahili sanifu. Angetaka kuandika kwa sanifu angeandika. Alichokuwa nacho katika upweke ule kilikuwa lugha aliyonyonya, na ndiyo aliyoisemesha nafsi yake. Mtahiniwa anayeandika kwamba hapo pametumika idhini ya kishairi ameikosa dhiki na ameikosa sauti pia.

Miaka hiyo hiyo ya sabini ulizuka mgogoro mwingine, ule wa mashairi huru, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Sina haja ya kuurefusha. Kila mwalimu anaujua, na tunaufundisha. Nautaja kwa sababu moja tu. Mgogoro wa umbo ulipiganwa hadharani, na walioonekana waasi wakaishia kuingizwa katika silabasi. Leo mwanafunzi wa Kidato cha Pili anajua kwamba shairi lisilo na vina ni shairi. Mgogoro wa lahaja haukupata uwanja wa namna hiyo. Uliingizwa kimyakimya katika orodha, nambari ya saba, baada ya kikale.

Orodha hiyo ilikomaa hasa baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985, kufuatia ripoti ya tume ya Mackay ya 1981, na Kiswahili kufanywa somo la lazima linalotahiniwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989. Kwa ghafla kila shule ya upili nchini ilihitaji walimu wa Kiswahili, na idadi kubwa yao (nikiwamo) walikuwa watu wa bara ambao Kiswahili kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Tulihitaji njia ya haraka ya kuyaeleza maneno tusiyoyajua, mbele ya wanafunzi arubaini ambao nao hawayajui. "Uhuru wa mshairi" ulituokoa. Siwalaumu waliouandika hivyo vitabuni. Naona tu kwamba dawa ya dharura ilikaa kabatini ikawa chakula cha kila siku.

Matokeo yake ni mgongano wa wazi ndani ya somo moja. Katika isimujamii tunamfundisha mwanafunzi kwamba hakuna lahaja iliyo bora kuliko nyingine, na kwamba sanifu yenyewe imetokana na lahaja. Katika ushairi tunamwambia lahaja ni ukiukaji wa kanuni unaoruhusiwa washairi. Katika insha tunamwambia ni kosa. Karatasi tatu, majibu matatu, na neno ni moja. Mtoto wa Kericho au Siaya huenda asiuone mgongano huo. Mtoto wa Kibokoni au Faza anauona, kwa sababu neno linalozungushiwa kalamu nyekundu ndilo alilotumwa nalo dukani asubuhi. Baya zaidi ni pale "mtele" unapowekwa chini ya kikale. Mtele huo unapikwa Mombasa leo hii.

Naomba sasa tuingie katika uchambuzi, maana lawama peke yake haimsaidii mtahiniwa. Tukubali fasili ile ile ya vitabuni: uhuru wa mshairi hutumiwa ili kutosheleza arudhi. Kama ni hivyo, kila tunapodai kwamba uhuru umetumika, tunapaswa kuonyesha arudhi imefaidi nini. Chukua mshororo huu niliojitungia kwa ajili ya maelezo tu:

Nimetoka asubuhi, ndia ndefu ya kwenenda.

Hesabu mizani: minane kwa minane. Sasa weka "njia" mahali pa "ndia". Mizani bado ni minane, kwa kuwa "ndi-a" na "nji-a" zote zina silabi mbili. Neno lenyewe halipo kwenye kina cha kati wala cha mwisho, kwa hiyo vina havijaguswa. Mtunzi hakupata faida yoyote ya kiarudhi kwa kuandika "ndia". Basi uhuru u wapi? Fanya jaribio hilo hilo kwa "mato" na "macho", "mtele" na "mchele", "nti" na "nchi", "nde" na "nje". Katika kila jozi idadi ya silabi ni sawa. Lahaja za kaskazini mara nyingi zina t au nd pale ambapo sanifu ina ch au nj, na mabadiliko ya konsonanti hayaongezi wala hayapunguzi mizani. Katika mshororo ule ule, anayetafuta uhuru wa kweli alitazame neno "kwenenda". Hapo "kwenda" limerefushwa ili mizani itimie. Hiyo ni mazida, na faida yake inahesabika.

Mahali ambapo lahaja inaweza kuwa uhuru ni kwenye kina. Tuseme mtunzi mzaliwa wa Kisii, ambaye beti zake zote ni za sanifu, anahitaji kina cha "-to" kulingana na "moto" na "mtoto". Anaandika "mato" mwishoni mwa mshororo, na kwingineko katika shairi hilo hilo ameandika "macho". Huyo amekopa, na sababu yake inaonekana. Hapo mtahiniwa aandike bila kusita kwamba mshairi ametumia uhuru wake, na ataje kina alichokihudumia. Tofauti basi haimo katika neno. Imo katika mpangilio wa shairi zima. Lahaja ikitapakaa kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, katikati ya mishororo na kwenye viunganishi, hiyo ndiyo lugha ya shairi. Ikijitokeza mara moja tu, penye kina, huo ni mkopo.

Jambo jingine ambalo sanifu imetuzibia masikio ni matamshi. Kimvita hutofautisha t ya meno na t ya ufizi. Mmvita akisema "kuteka" kwa maana ya kucheka, na "kuteka" kwa maana ya kuchota maji, anatamka konsonanti mbili tofauti, na hakuna anayemsikia vibaya. Vilevile hutofautisha "paa" ya nyumba na "paa" mnyama kwa mpumuo. Taylor alijitahidi kuziandika tofauti hizi kwa alama. Tahajia sanifu haina nafasi nazo. Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na mtu "anayeteka" katika shairi la Mombasa, huenda akaandika kwamba nafsineni anachota maji kisimani, au ameteka nyara, ilhali mtu wa watu anacheka. Nimesahihisha jibu la namna hiyo. Nilitoa sufuri, lakini sufuri ile ilikuwa na wenyewe wengi.

Najua kuna pingamizi, na si dogo. Mwalimu wa bara atasema: wanafunzi wangu wanahangaika na sanifu yenyewe, sasa niwatwishe Kimvita na Kiamu? Haki ya mtoto wa pwani isiwe mzigo wa mtoto wa bara, ambaye hana nyanya wa kumuuliza maana ya "kuya" au "yeo". Nakubali. Wala sipendekezi kwamba insha iandikwe kwa lahaja yoyote. Mtihani wa taifa unahitaji lugha ya pamoja, na sanifu, pamoja na kasoro za kuzaliwa kwake, imewaunganisha watu wa nchi nyingi. Ninachoomba ni kidogo zaidi ya hapo. Kumwambia mwanafunzi "hiki ni Kimvita, ndivyo wasemavyo Mombasa" hakuchukui muda mrefu kuliko kumwambia "huu ni uhuru wa mshairi". Ni sentensi moja kwa sentensi moja. Tena ya kwanza ina faida kwa yule wa bara, kwa maana akishajua kwamba t ya kaskazini mara nyingi ni ch ya sanifu, na nd ni nj, anaweza kufungua maneno mengi mwenyewe bila kukariri. Orodha ya saba haikumpa ufunguo huo.

Kwa wewe mtahiniwa, tahadhari ya kimtihani. Ukiulizwa "Eleza jinsi mshairi alivyotumia uhuru wake", anza na inkisari, mazida, tabdila na kufinyanga sarufi, ambazo faida yake ya kiarudhi inaonekana. Ukitaja lahaja, taja mfano ulio penye kina na useme kina hicho ni kipi. Ukiulizwa kuhusu mtindo au matumizi ya lugha, hapo ndipo pa kuitaja lahaja kwa upana: itaje kwa jina kama unalijua, toa mifano miwili au mitatu, kisha eleza kazi yake, kwamba inaliweka shairi mahali fulani, inamtambulisha nafsineni, au inaonyesha hadhira ambayo mtunzi aliikusudia. Usiandike "badala ya" pasipo sababu. Andika "ambalo katika sanifu ni".

Mfumo wa 8-4-4 unaelekea ukingoni, na wanaoandaa vitabu vya mtaala wa umilisi wanaandika upya sura za ushairi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya lugha ya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na papo hapo ikaitaka serikali ilinde anuwai ya lugha za watu wa Kenya. Kimvita, Kiamu, Kipate, Kitikuu na Kivumba ni sehemu ya anuwai hiyo. Nimevipitia baadhi ya vitabu vipya nikitafuta kama lahaja imetolewa kwenye orodha ile. Katika kimoja nilichokisoma majuzi, bado ni nambari ya saba.

Binti yule alimaliza Kidato cha Nne akaenda zake, nami nikahamia shule nyingine. Kwenye insha bado nalizungushia "ndia" mduara, kwa sababu mtahini atalizungushia. Lakini pembeni siandiki tena "tahajia". Naandika: "Kimvita. Sanifu: njia."